Medali ya Babu si ya dhahabu

Osaka, 22 Novemba

Ndugu yangu Osmund,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, najua umenuna. Picha za medali ya Babu umezituma tangu mwezi wa tisa, ukiuliza ni ya nini na ni ya nani, nami nikajibu "nimeziona" kisha kimya. Sikuzipuuza, ndugu yangu. Nilitaka siku nikikujibu niwe na hakika, maana ulisema kikao cha ukoo ni Krismasi na Fidelis ameshapata mnunuzi Dar.

Basi nianze na hilo: msiuze. Na Fidelis umwambie aache kuisugua. Katika picha ya pili ukingo mmoja unang'aa njano, ni wazi amepitisha dawa ya kung'arishia shaba. Pale ndipo mliposema "dhahabu". Si dhahabu, ni shaba, na ule weusi alioukwangua ndio uzee wenyewe wa kitu. Ukishautoa haurudi. Tafadhali leo hii uichukue ukae nayo wewe.

Sasa nikueleze nilivyoipata. Jana ilikuwa tarehe 21, na kila tarehe 21 hekalu la Toji kule Kyoto hujaa wachuuzi wa vitu vya kale, siku ya kumkumbuka mtawa Kobo Daishi. Huwa napanda treni alfajiri. Kuna mama mmoja mzee hutandika kitambaa cheusi, anapanga nishani kama mtu anayepanga dagaa. Nilimpa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, na kabla sijamaliza kuuliza akasema: "Shina Jihen."

Hilo ni jina ambalo Wajapani waliiita vita yao ya China iliyoanza Julai 1937. Yule ndege unayemwona amesimama juu ya bendera mbili zilizopishana, ya jeshi la nchi kavu na ya wanamaji, ni Yatagarasu, kunguru wa hadithi zao aliyemwonyesha njia mfalme wao wa kwanza, Jimmu. Nyuma kuna milima, mawingu na mawimbi. Uliniuliza kama ni ramani. Hapana, ni picha ya nchi walikopigania. Na maandishi usiyasome kutoka kushoto, zamani waliandika mstari kuanzia kulia kama Kiarabu.

Medali hii ilianzishwa kwa amri ya Julai 1939, na vita ilikwisha 1945. Kwa hiyo yule baba yako mkubwa anayeshikilia kwamba ni ya vita vya Mjerumani, vile vya kwanza vya dunia, kwamba baba yake Babu ndiye aliyeileta, mwambie kwa adabu zote kwamba haiwezekani. Wakati ule kitu hiki hakikuwapo duniani. Aliyeileta ni Babu mwenyewe. Ni kutoka Bama, yaani Burma, alikopigana na Wajapani. Unakumbuka alivyokuwa akitaja "Kabau" na sisi tukidhani ni jina la mtu? Ni bonde la Kabaw. Keya, yaani askari wetu katika jeshi la Mwingereza, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walilipita mwaka 1944 katika mvua na malaria, wakawasukuma Wajapani hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Na Divisheni ya 33 ya Wajapani waliyokuwa wakiifukuza ilikuwa imepigana China kabla ya kupelekwa Bama. Niliposoma hilo nilisimama nikaenda dirishani.

Tena nyinyi mna bahati, maana medali ya Babu inavitaja vita vyake. Nishani za heshima zenyewe hazina mwaka popote. Ile ya Jua Linalochomoza ilianza 1875 (mwaka huohuo Sayyid Barghash naye alianzisha nishani yake Unguja, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka), ya Hazina Takatifu 1888, ya Mwewe wa Dhahabu 1890, hii ya mwisho ikafutwa 1947. Ukishika ya Jua utaona kioo chekundu katikati na miali myeupe pembeni, na inaweza kuwa ya babu wa mtu au ya mtu aliyestaafu juzi. Unaangalia sanduku lake, unaangalia utepe, unaangalia kama maandishi ya juu ya kifuniko yanataja namba ya daraja, maana tangu 2003 namba zile hazitumiki tena. Ukiona herufi M imegongwa kwa nyuma, imetoka kwenye kiwanda cha serikali cha kufua sarafu, hapahapa Osaka. Nilikwenda kwenye makumbusho yao nikasimama mbele ya kabati mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Lakini kinachomaliza ubishi ni karatasi. Kila nishani ya heshima ilitoka na cheti, na cheti kina tarehe kwa miaka ya mfalme, kila enzi na jina lake. Kwenye mwaka wa Showa unaongeza 1925, Taisho unaongeza 1911, Meiji 1867. Mimi nina moja ya Hazina Takatifu, daraja la nane, la chini kabisa, ya fedha tupu. Cheti chake ni cha Showa 15, mwezi wa nne tarehe 29, yaani 1940, siku ya kuzaliwa ya mfalme wao. Muuzaji, si yule mama, mwingine, alitaka kuniuzia nishani peke yake na cheti amuuzie mtu mwingine, kwa sababu kuna wanaokusanya karatasi tu. Nilikasirika, Osmund. Nilikataa kuondoka mpaka akaviuza vyote pamoja. Juu ya ile karatasi kuna jina la mtu. Juu ya chuma hakuna kitu.

Na hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Uliniuliza kama naweza kuwatafuta watoto wa mwenye medali. Waingereza katika vita vya kwanza waliandika namba na jina la askari kwenye ukingo wa medali, ndiyo maana ile ya mzee wa kwa akina Chami tuliweza kuisoma. Wajapani hawakuandika. Nimeikuza picha yako kila upande, hamna jina. Walizitoa nyingi mno. Bei yake hapa ni ya chakula cha mchana cha watu wawili, na huyo wa Dar anayeahidi mamilioni hajui anachonunua au anajua nyinyi hamjui. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba basi, itunzeni tu, imekwisha.

Halafu jana usiku nikaiangalia tena picha ya tatu, ile iliyopigwa kitandani kwa Bibi. Medali imelazwa juu ya kitambaa. Nilikuwa natazama medali siku zote, kitambaa sikukiona. Ni cheupe kilichofifia, kwenye kona kuna kipande cha wekundu uliopinda kama ukingo wa duara, na kando yake kuna alama ndogo ndogo nyeusi. Nilidhani ni madoa.

Askari wa Kijapani akiitwa vitani, ndugu, majirani na wenzake wa kazini walimwandikia majina yao kwa wino juu ya bendera ya taifa, yakizunguka lile jua, pamoja na maneno manne ya kumwombea bahati ndefu vitani. Bendera ile aliikunja akaivaa mwilini. Na mara nyingi jina lake mwenyewe huandikwa pembeni. Bendera za namna hiyo zimerudishwa kwa familia, miaka sabini na zaidi baadaye, kwa sababu zina majina.

Sitaki nikutie tumaini la bure. Lakini niambie: kile kitambaa kiko wapi? Ni cha Bibi au kilitoka kwenye sanduku la Babu? Kina ukubwa gani? Kimewahi kufuliwa? Kama hakijafuliwa, kisifuliwe, wala kisipigwe pasi, wala kisianikwe juani. Unaweza kukitandaza mezani ukakipiga picha mchana, karibu na mlango, kona moja moja? Na Bibi, akili yake ikiwa imetulia asubuhi, anakumbuka Babu alisema nini kuhusu mtu yule? Kulikuwa na daftari, au picha? Alimkuta amekwisha kufa, au

Usimuulize hilo la mwisho. Muulize tu kuhusu kitambaa.

Nasubiri hata ikiwa ni usiku wa manane huku.

Wako,
Shabani