Wanangu wa kurasa za udaku, ondoeni kamera dirishani

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoendesha kurasa za udaku, nyinyi mnaopiga picha za mastaa na kulipwa, na nyinyi mnaozisambaza kwenye magrupu hata kabla hamjamaliza kuzitazama. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia upande wa ndani wa dirisha la methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini kuacha, hapa Dar es Salaam, na haya ninayowaambia niliyaona kupitia dirisha hilo.

Kwa asiyejua, huduma hii ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye ikafika mikoani. Mraibu wa heroini anayeanza dawa hapewi chupa akaondoka nayo. Anakuja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anatambuliwa, anapewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, anainywa muuguzi akimtazama, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane ameimeza. Basi. Dawa ile inazuia arosto, yale mateso ya kukosa heroini, siku nzima na zaidi kidogo, naye anakwenda kibaruani kwake kama watu wengine. Kesho anarudi. Anarudi hivyo miezi, na wengi wao miaka. Hebu fikirieni maana yake: mtu mwenye ugonjwa ambao asingependa hata jirani aujue anatakiwa asimame foleni mahali pale pale, saa zile zile, kila siku ya Mungu. Sijui mgonjwa mwingine aliye rahisi kuviziwa kama huyo.

Palikuwa na kijana mwimbaji. Jina lake halitatoka kinywani mwangu, na mambo mengine nimeyabadilisha asije akatambulika. Alikuwa anakuja mapema, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, anasimama nyuma ya mama mmoja muuza vitumbua ambaye naye alikuwa kwenye dawa. Siku za mwanzo alikuwa hainui macho. Mwezi wa tatu mashavu yakaanza kujaa, akaanza na utani. Asubuhi moja alirudisha kikombe akaniambia, "Mama, jana nimekula ugali nikasikia utamu wake." Aliyewahi kuuguza mtu wa unga, yaani heroini, anajua uzito wa maneno hayo.

Halafu siku moja kijana mwenye simu akasimama upande wa pili wa uzio. Video yenyewe ilikuwa ya sekunde chache: foleni, kofia, mkono unapokea kikombe. Kufikia saa nne ilikuwa imeshazunguka mji mzima, na juu yake yameandikwa maneno ya kumcheka kwamba amekwisha. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Na hakuwa peke yake, kwa sababu waliosimama mbele na nyuma yake nao wana waajiri, wana wakwe, wana watoto shuleni. Wengi hatukuwaona wiki ile. Yule mama wa vitumbua alionekana vizuri kuliko hata staa mwenyewe. Hakuna ukurasa ulioandika jina lake, lakini wateja wake mtaani walimtambua, wakaacha kununua kwake. Nilipostaafu alikuwa bado hajarudi dirishani.

Sasa nisikilizeni kama muuguzi. Anayekosa dawa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudi tu akapewa kipimo alichokuwa nacho, kwa kuwa mwili umeanza kupoteza uwezo wa kukihimili. Anapimwa upya, na mara nyingi anaanzishwa chini, kisha apandishwe polepole. Siku hizo zote arosto inamtafuna: miayo isiyoisha, pua inatiririka, tumbo linakoroga, mifupa inauma kama inatwangwa. Akishindwa, anarudi kijiweni. Na kadiri alivyokaa mbali na dawa, ndivyo ile kete ya unga aliyoizoea zamani inavyoweza kumsimamisha pumzi. Wengi wanaokufa baada ya kuacha hawakuzidisha. Walirudia kile kile cha zamani, na mwili ulikuwa si ule wa zamani tena. Yule kijana alirudi siku ya kumi na moja, amekonda, tukaanza naye mwanzo. Wapo wasiorudi.

Najua mtanijibu kwamba staa ni mtu wa watu. Akifunga ndoa anatuita tutazame, akinunua gari anatuita tutazame, akigombana na mwenzake anaposti mwenyewe usiku wa manane ili apate kiki. Iweje akiugua ndiyo tufumbe macho? Hoja hii siibezi. Ilishafika mbele ya majaji wakubwa, nao waligawanyika.

Tarehe 1 Februari 2001 gazeti la Daily Mirror la Uingereza liliweka ukurasa wa mbele habari za mwanamitindo Naomi Campbell. Lilisema anahudhuria mikutano ya Narcotics Anonymous, ile ya waraibu wanaosaidiana kuacha, likaeleza na namna anavyohudhuria. Likachapa picha yake akitoka mlangoni, London, iliyopigwa kwa siri na mtu aliyejificha ndani ya gari. Naomi alikuwa amewahi kutangaza hadharani kwamba yeye hatumii dawa za kulevya. Kwa hiyo alikuwa amedanganya, na mawakili wake walikubali kwamba gazeti lilikuwa na haki ya kumsahihisha: kusema anatumia, na hata kusema anatibiwa. Ugomvi ulibaki kwenye yale mengine, yaani anatibiwa wapi, kwa namna gani, mara ngapi, na ile picha ya mlangoni. Alishinda Mahakama Kuu, akalipwa pauni 3,500 tu. Akashindwa Mahakama ya Rufani. Tarehe 6 Mei 2004 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa huko, ikampa ushindi kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Sababu yao kubwa ndiyo hiyo niliyoiona mimi dirishani. Walisema mtu anayejaribu kuacha yuko mahali pembamba, na ukimpiga picha kwenye mlango wa tiba unaweza kumfanya asirudi. Uongo wake mlikuwa na haki ya kuuanika. Mlango wake wa tiba si wenu. Mstari huo hauhitaji shahada ya sheria kuuelewa, na nawaomba mwanze kuutumia leo.

Siku tatu baada ya hukumu ile, Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika Kusini, alifariki Johannesburg akiwa na miaka 39. Rika langu tulimcheza Brenda harusini hadi viatu vikakatika. Tangu alipoanguka nyumbani mwishoni mwa Aprili, magazeti yalihesabu pumzi zake siku baada ya siku, na mwanzoni watu waliambiwa ni pumu, baadaye ndipo kokeini ikatajwa. Siwalaumu waliosema pumu. Familia inayoona mzazi wao yuko mahututi na kamera ziko getini itasema neno lolote litakalompa mgonjwa wao heshima kidogo.

Na sisi wasomaji tusijitoe. Mlevi wa pombe akianguka baa tunamnyanyua, tunamwita mchangamfu, kesho tunamsimulia kwa kicheko. Wa unga tunamwita teja, na kuanzia hapo jina la mama yake alilompa linakufa. Akiwa mwanamke ndiyo kabisa, tunamwongezea na maneno ya umalaya. Mwenye ukurasa anaweka picha ile kwa sababu anajua tutaibofya.

Mnakumbuka Februari 2017, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipotaja wasanii hadharani na kuwaita Kituo Kikuu cha Polisi. Vita dhidi ya wauza unga niliitaka mimi kuliko wengi, maana niliwafunika shuka wateja wao. Lakini anayeuza na anayetumia waliwekwa kapu moja mbele ya kamera, na mitandao ikachagua kuwacheka wanaotumia. Anayeuza mfuateni. Mpekue mali zake, mtaje akishathibitika. Hiyo ni kazi ya mwandishi, tena ya hatari, na nitakayemwona akiifanya nitamwombea dua. Kumvizia mgonjwa aliyeshika kikombe hakuna hatari yoyote, ndiyo maana wanaoifanya ni wengi.

Kuna jambo jingine ambalo linanipa moyo. Desemba 2012 mwimbaji Ray C alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu, na baadaye akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kuhusu unga na kuhusu dawa. Baada ya hapo kina mama walikuja dirishani kwetu wakiuliza, "Ile dawa ya yule mwimbaji, na mwanangu anaweza kupata?" Walikuja na watoto wao wamewashika mkono. Habari ni ile ile, ya staa na heroini. Aliyeisema mwenyewe alituletea wagonjwa. Iliyoibwa kwenye uzio ilitufukuzia.

Sheria mnayo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, na haisemi isipokuwa waimbaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nimeitaja ili asije mtu akasema hakujua. Lakini sikuandika barua hii kuwatishia mahakama, wanangu. Nawajua. Wengine wenu niliwazalisha mama zenu.

Ninachowaomba ni kidogo. Mkimwona staa kwenye foleni ya kliniki, kwenye soba hausi, zile nyumba za waraibu wanaoacha, Zanzibar, Tanga au Bagamoyo, kwenye kikao cha waraibu, shusheni simu. Akitaka kusema, atawatafuta. Mhojini siku hiyo, kwa swali gumu mtakavyo. Na mkiletewa video ya namna hiyo, msiiongeze safari.

Ile ya yule kijana bado ipo. Niliiona juzi kwenye simu ya mjukuu wangu, imewekewa muziki mpya, na mama wa vitumbua bado amesimama pale mbele yake, kanga imemshuka bega moja, hajui kama anatazamwa. Aliye nayo kwenye ukurasa wake naomba aifute usiku huu.

Ni mimi mama yenu,
muuguzi mstaafu, Dar es Salaam