Bustani ya jengo la jamii ianzie kwenye hesabu za mhandisi

Ndugu Mhariri,

Michoro ya kumbi za jamii na ofisi za kata siku hizi haikosi mboga juu ya paa. Kwenye picha inapendeza. Ukifungua kurasa za nondo na mabomba, bustani hiyo haimo. Mkandarasi anajenga kilichomo kwenye kurasa hizo, kisha watu wanapandisha udongo juu ya slabu, yaani bamba la zege la paa, ambayo haikupigiwa hesabu yake.

Udongo ulioshiba maji hufikia takriban kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo. Tuta la kina cha sentimita 25, basi, linaelemea slabu kwa kilo 450 kila mita ya mraba, ilhali paa la zege la kukanyagwa na fundi wa matengenezo tu kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 75 hadi 150. Wapo wanaosema: tutumie magunia, ni mepesi. Hayana wepesi wowote. Gunia lenye kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 80, likishamwagiliwa, linapita kilo 200, na uzito wote umesimama mahali pamoja. Likiwekwa katikati ya slabu badala ya juu ya bimu (boriti ya zege) au ukuta, nyufa hutokea upande wa chini, maji hupenya na nondo huanza kuliwa na kutu. Kuchanganya udongo na makapi ya mpunga au makumbi ya nazi hupunguza uzito, ila makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi. Yasuuzwe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi.

Anayetaka bustani ya paani kwa dhati aipe slabu mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na aijaribu kabla udongo haujapanda: matundu ya kutolea maji yazibwe, maji yajazwe sehemu kwa sehemu, yakae saa 48, kisha dari ikaguliwe. Jaribio hili huachwa kwa sababu kila mtu ana haraka ya makabidhiano. Baadaye, kutafuta panapovuja kunakuwa kuhamisha shamba zima kwa ndoo.

Kwa maoni yangu, majengo mengi ya kata hayahitaji gharama hiyo. Juu yapigwe mabati, matuta yakae chini. Bati la mita za mraba 200 hutoa lita 200 kwa kila milimita ya mvua, au 160 hivi ukiondoa yanayopotea. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini nyingi huja masika na vuli. Kati ya Juni na Septemba kuna siku zipatazo 120 za ukame. Mboga zikihitaji lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, matuta ya mita za mraba 40 yatakunywa lita 24,000. Matangi mawili ya lita 10,000 hayafiki. Hayo yanatosha mita 33. Nani basi alikokotoa michoro yenye matuta ya mita 200 na tangi la lita 5,000? Tangi hilo linakauka siku ya tano.

Lita 200 hadi 400 za kwanza baada ya ukame zimwagwe kando, maana zinabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Mdomo wa tangi na bomba la kufurikia vifungwe wavu. Mbu wa dengi, waliotusumbua sana mwaka 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Tangi likikaa mita moja na nusu juu ya matuta, umwagiliaji wa matone unaenda bila pampu.

Jambo ambalo wachoraji hulisahau ni kivuli. Mwezi Juni jua letu la adhuhuri liko kaskazini, hivyo jengo la kimo cha mita 6 hutupa kivuli cha mita 3.5 upande wa kusini, na ndio msimu mboga zina bei. Matuta yaelekee kaskazini, tena yaache sentimita 60 kutoka ukutani, la sivyo unyevu utabambua plasta. Udongo usichotwe bonde la Msimbazi, ambako mto hubeba taka za viwandani na majumbani. Mchicha hufyonza madini ya risasi.

Halmashauri hazihitaji sheria mpya kwa haya. Eneo la matuta, lita za tangi na kilo kwa mita ya mraba viandikwe kwenye zabuni, koki ya bustani iwe na mita yake, na sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka masika ya kwanza yapite juu ya paa hilo.

Mhandisi wa majengo,
Dar es Salaam