Ndege kuukuu ya pangaboi na gharama zake zilizojificha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wanaotamani kununua ndege kuukuu ya injini mbili za pangaboi, mfano Beechcraft King Air 200 iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, kwa sababu tu bei yake inaonekana nafuu. Injini za PT6 za ndege hiyo kwa kawaida hufanyiwa ukarabati mkubwa zikifikisha saa 3,600 za kazi, na kabla ya hapo sehemu zake za joto kali hufunguliwa na kukaguliwa; hivyo ndege ambayo injini zake zimebakiza saa chache ni deni, hata kama rangi yake inang'aa.

Kinachonisumbua zaidi ni kumbukumbu za matengenezo. Kipuri chenye ukomo wa matumizi kisipokuwa na historia kamili tangu kilipotoka kiwandani, hakuna fundi mwaminifu atakayekiidhinisha, na mnunuzi hulazimika kukibadilisha ingawa huenda ni kizima. Ukaguzi wa kabla ya malipo ufanywe na karakana isiyofungamana na muuzaji, nayo itafute hasa kutu kwenye mihimili ya mabawa, kwani ndege iliyoegeshwa muda mrefu huharibika kimyakimya.

Kwa maoni yangu, anayesafiri saa chache kwa mwaka ni heri akodi. Naye pia adai kuona cheti kinachomruhusu mwendeshaji kubeba abiria kwa malipo, pamoja na bima, na aulize kama gharama ya ndege kurudi tupu imo kwenye bei.

Msomaji wako