Ndege Haivuji, Mbona Ankara Ni Kubwa Hivi?

Malalamiko haya hutufikia karibu kila mwezi, na mwezi uliopita yalikuja kwa sauti ya juu kidogo. Mteja wetu mmoja, mwenye ndege mbili za kukodisha hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, alisimama mlangoni mwa karakana akiwa na ankara mkononi, akamwambia msimamizi wetu mbele ya vijana wote: "Mzee, mimi mwenyewe nimelala chini ya hii Dash 8 na tochi, sikuona hata tone. Mmetengeneza nini?" Aliamini kwamba tumemlaghai. Hatukumlaghai, lakini swali lake ni la haki, na kwa kuwa wapo wengine wanaoliuliza kimoyomoyo kisha wakaipeleka ndege kwingine, tumeona ni heri tulijibu kwa maandishi.

Kazi aliyolipia ilikuwa ya agizo la lazima la usalama, lile ambalo kila karakana hulitaja kwa herufi mbili tu, AD. Agizo la namna hiyo hutolewa na mamlaka ya nchi yenye dhamana ya muundo wa ndege, na mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege husimamia litekelezwe. Kwa ndege za Kenya, zenye alama ya 5Y ubavuni, anayetuuliza karatasi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kwa zile za 5H ni TCAA ya Tanzania, na za 5X ni mamlaka ya Uganda. Mwenye ndege hana hiari hapo, wala sisi hatuna. Waraka wa kawaida wa kiwandani unaweza kujadiliwa na hata kuahirishwa, lakini AD ikipitwa na muda wake, ndege hiyo haistahili kuruka hata kama rangi yake inang'aa na injini zake zinaimba.

Kazi yenyewe ilihusu haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoendesha breki na sehemu nyingine za ndege, na tatizo ni kwamba wateja wengi wanadhani ubovu wake ni uvujaji, na uvujaji tu. Ukweli ni kwamba uvujaji ndio ugonjwa wenye aibu, unaojitangaza wenyewe sakafuni. Vitabu vya matengenezo huruhusu hata matone fulani kwa dakika katika baadhi ya vifaa, na fundi huyahesabu kwa saa ya mkononi akaandika, ndege ikaendelea na kazi. Kinachotutisha zaidi ni chuma kikavu kilichochoka ndani. Katika ndege nyingi za abiria, mafuta ya haidroliki husukumwa kwa shinikizo la pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, yaani kama mara 100 ya upepo ulio katika tairi la gari dogo. Ndiyo maana kijana anayeanza kazi kwetu hufundishwa siku ya kwanza kwamba tundu dogo kama la sindano halitafutwi kwa kiganja. Linatafutwa kwa kipande cha kadibodi, kwa sababu mafuta yakitoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi.

Kifaa tulichombadilishia mteja wetu kinaitwa akumuleta. Ni silinda nzito ya chuma yenye pistoni ndani, upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta, ili shinikizo libaki likisubiri hata pampu zikiwa zimezimwa. Breki ya kuegeshea huitegemea. Historia ya agizo lenyewe ilianzia kwenye ndege nyingine, Bombardier CRJ, ambazo si ngeni Nairobi. Viliripotiwa visa 7 vya kofia ya mwisho wa akumuleta kushindwa na kufyatuka ndege ikiwa chini. Mfumo mzima wa haidroliki uliohusika ulipotea, na vyuma vilivyoruka vikajeruhi vifaa vya jirani na mwili wa ndege. Katika visa hivyo 7, iliyowahi kushindwa mapema kuliko zote ilikuwa na mizunguko 6,991 ya kupaa na kutua. Ndege inayofanya safari 6 kwa siku hufika hapo kwa miaka 3 na miezi 2 hivi. Sasa sikiliza jambo ambalo wateja wa Dash 8 hulipinga sana: agizo lilipozifikia ndege zao, hakuna Dash 8 hata moja iliyokuwa imeripotiwa kupasukiwa. Zilijumuishwa kwa sababu zinabeba akumuleta za aina inayofanana. Mteja anayesema "yangu haijawahi kuleta shida" anasema kweli tupu, na kweli hiyo haibadilishi kitu. Ile methali yetu ya ufa na ukuta hapa haifai sana, maana ufa wenyewe hauonekani kwa tochi. Katika CRJ ulitakiwa utafutwe kwa mawimbi ya sauti.

Sasa turudi kwenye ankara. Ndege ya mteja huyu ilinunuliwa nje ya nchi, ikaja na masanduku 3 ya kumbukumbu, na katika masanduku hayo akumuleta ilitajwa mara moja tu, bila idadi ya mizunguko. Msimamizi wa ubora alitumia siku nzima na nusu akifukua karatasi. Kibati cha kifaa kilikuwa na namba ya utambulisho ambayo tarakimu yake ya nne ilikuwa imekwaruzwa na bisibisi ya mtu asiyejulikana. Tukaisafisha kwa kitambaa, tukaimulika kwa ubavu, tukaitazama kwa kioo cha kukuzia watu watatu mmoja baada ya mwingine; wawili wakasema ni 3, mmoja akaapa ni 8. Nyuma ya 3 kulikuwa na historia ya kifaa kimoja, na nyuma ya 8 ya kingine kilichozeeka mara mbili zaidi. Kifaa kisicho na historia sisi hukihesabu kuwa na umri wa ndege nzima, na kwa hesabu hiyo kilikuwa kimeshavuka mpaka wa mizunguko. Ikabidi kitoke.

Kukitoa si kufungua nati nne. Shinikizo hushushwa kwanza hadi sifuri, naitrojeni hutolewa polepole, kila paipu iliyofunguliwa huzibwa kofia papo hapo ili vumbi la Wilson lisiingie, na wote wanaolijua vumbi la Wilson wanaelewa. Kifaa kipya kikishafungwa kwa nguvu iliyopimwa kwa spana maalumu, hujazwa naitrojeni kulingana na joto la siku hiyo, breki hutolewa hewa, mfumo huwekwa shinikizo, viungo hukaguliwa kimoja kimoja, kisha mhandisi wa pili ambaye hakushika spana hata mara moja huja kukagua upya. Baada ya hapo ndipo kalamu hushikwa. Wateja hutuambia kwamba wanalipia saini. Ni kweli, wanalipia saini, na mwenye saini hiyo ndiye atakayeitwa kueleza kama kofia ile itafyatuka huku watu wakiwa wanapanda ngazi.

Njia ya mkato inayotusumbua kuliko zote ni kipuri cha mtandaoni. Mteja huyu huyu, kabla ya kutujia, alikuwa ameshanunua akumuleta kwa bei ambayo kwa kweli ilikuwa tamu, chini ya nusu ya tuliyomtajia. Ilifika ikiwa imefungwa vizuri kwa plastiki, inang'aa, bila Fomu 1 ya EASA ya Ulaya, bila 8130-3 ya FAA ya Marekani, yaani vyeti vya kuthibitisha kwamba kipuri kinafaa kufungwa, ikiwa na karatasi moja tu iliyoandikwa kwamba kifaa ni "kizima". Hatukuweza kukifunga. Kukipeleka kwenye karakana yenye idhini kikafunguliwe na kupimwa kungegharimu karibu sawa na kununua chenye cheti, na huenda kingekataliwa hukohuko. Kwa hiyo alilipa mara mbili, na siku ambazo ndege ilikaa chini ikisubiri kipuri cha pili hazimo hata katika ankara yetu.

Mkato wa pili ni wa mafuta. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa ndege ya mizigo ambayo mfumo wake hutumia Skydrol, kile kimiminika cha zambarau kinachobabua rangi ya ndege na kuwasha macho. Ikiwa kwenye kiwanja cha mbali, kiasi kilikuwa kimepungua, na mtu mwenye nia njema akaongeza mafuta mekundu ya madini yaliyokuwa karibu, yale ambayo ndege ndogo za Caravan hutumia kwenye breki. Mafuta ni mafuta, alifikiri. Lakini sili, yaani vizibo vya viungo, zinazovumilia Skydrol ni za mpira wa aina nyingine kabisa na ule unaovumilia mafuta mekundu. Tulipofungua vali ya kwanza, oringi, sili ya duara, ilikuwa imevimba kama harage lililolowekwa usiku kucha, na ilipoguswa na kijiti cha plastiki ikameguka. Hatukuwa na la kufanya ila kumwaga kila kitu, kusafisha mfumo mzima, kubadilisha sili na filta zote, na kuanza upya. Kopo moja la mafuta yanayofaa lingeweza kusafirishwa kwa ndege ndogo siku ileile kwa gharama ambayo, ukiilinganisha na hiyo, ni ya kuchekesha. Tukumbushe pia kwamba hata Skydrol halisi iliyoachwa wazi hufyonza unyevu wa hewa na kuanza kutengeneza asidi, hivyo kopo lililofunguliwa wiki iliyopita tukilitupa msituone wabadhirifu.

Mkato wa tatu ni "paipu inayofanana". Mteja ana ndege mbili, moja imelala bila injini, naye anauliza kwa nini tusihamishe paipu au pampu kutoka hiyo. Mara nyingine inawezekana, karatasi zikikubali. Tukikataa, hukasirika, na hapo ndipo tunapomsimulia habari ya Airbus A330 ya Air Transat, iliyotoka Toronto kwenda Lisbon usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 2001. Siku chache kabla, injini yake ya kulia ilikuwa imebadilishwa kwa injini ya akiba ya toleo la zamani kidogo. Pampu ya haidroliki ilihamishwa kutoka injini iliyotolewa, likahamishwa na paipu moja la mafuta ya injini, lakini paipu la haidroliki likabaki la toleo la zamani. Waraka wa kiwandani uliokuwa na maelezo haukufunguka kwenye kompyuta, muda ulikuwa unakimbia, mapaipu mawili yakatenganishwa kwa mkono, yakaonekana hayagusani, kazi ikasainiwa. Shinikizo la haidroliki lilipoingia, paipu lilisogea. Yakasuguana, la mafuta likapasuka juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazima, na rubani akaiongoza ndege ikielea kama kilomita 120 hadi kisiwa cha Terceira katika Azores. Watu 306 waliokuwamo walipona. Tofauti kati ya mapaipu yale mtu wa kawaida asingeiona hata akiwekewa yote mawili mezani.

Kuhusu muda, tutasema machache. Maagizo mengine huja na muda mrefu: baada ya ajali za Boeing 737 za Colorado Springs mwaka 1991 na karibu na Pittsburgh mwaka 1994, ambapo vali ya haidroliki ya usukani wa mkia ilitajwa, agizo la Marekani la mwaka 2002 la kubadilisha mfumo huo lilitoa miaka 6. Muda huo hutolewa kwa sababu vipuri havitoshi ndege zote kwa siku moja. Wateja wetu wengi huusoma kama likizo. Huja zikiwa zimebaki saa 20 za kuruka, wakakuta foleni ya vipuri duniani kote, bei imepanda, na kibali cha kuruka bila abiria kwenda kwenye matengenezo hakitolewi kwa kupiga simu.

Bei zetu hatuzipunguzi kwa kupunguza ukaguzi wa pili, na anayezipata kwa nusu mahali pengine amuulize mwenzetu huyo ni nani aliyekagua mara ya pili. Tunachoweza kupunguza ni saa. Tuleteeni kumbukumbu wiki 3 kabla ya ndege yenyewe, tukae nazo mezani. Acheni kazi ya AD iunganishwe na ukaguzi mkubwa wakati vifuniko vya sakafu vimeshafunguliwa, kwa maana kufungua na kufunga vifuniko ni sehemu kubwa ya saa tunazotoza. Kabla ya kununua kipuri popote, tutumieni picha ya cheti chake, hiyo ni bure.

Kosa letu pia tulikiri. Ankara aliyoishika mteja mlangoni ilikuwa na mstari mmoja, "Utekelezaji wa AD, haidroliki", na jumla mbele yake. Mtu yeyote angekasirika. Kuanzia mwezi huu kila ankara itatenganisha saa za kufukua kumbukumbu, saa za kufungua na kufunga, kipuri na namba ya cheti chake, vifaa vidogo kama sili na mafuta, na ukaguzi wa pili.

Akumuleta yake ya zamani bado iko kwenye rafu iliyofungiwa, ikiwa na lebo nyekundu. Tuliichunguza kwa macho na hatukuona ufa. Huenda ilikuwa nzima kabisa, lakini kwa tarakimu ile iliyokwaruzwa hakuna mhandisi anayeweza kuandika hivyo. Mwisho wa mwezi tutaikata vipande viwili kwa msumeno ili isije ikarudi sokoni imepakwa rangi. Akipenda kuja kuitazama kabla ya siku hiyo, kioo cha kukuzia kipo dirishani, na ubishi wa 3 na 8 haujaisha.