Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Uzazi wa mpango uingie ndani ya CTC

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, nina ombi moja. Mwanamke anayeishi na VVU akienda CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kuchukua dawa zake, apate pale pale na siku ile ile njia ya uzazi wa mpango aliyoichagua mwenyewe. Na kama anachotaka ni mtoto, apate pale pale ushauri wa kumpata mtoto huyo salama.

Naandika kutoka Makambako, mkoani Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Kwa mkoa wetu ilikuwa asilimia 12.7, kubwa kuliko mkoa mwingine wowote. Mimi ni mmoja wao. Nameza dawa watoto wangu wakiniona, virusi vimefubaa, mume wangu hana maambukizi na watoto wetu wawili hawana. Ni mwelimishaji rika pia, kwa hiyo siku za kliniki nakaa kwenye benchi na kina mama na nasikia wasiyomwambia daktari.

Siku ya kliniki inakwenda hivi. Mama ametoka kijijini kwa bodaboda, amepanga foleni ya faili, amepima uzito, amemwona daktari, sasa anasubiri dirisha la dawa. Faili lina sehemu ya kujaza njia ya uzazi wa mpango. Anaulizwa, "Unatumia nini?" Anajibu hatumii kitu. Inaandikwa "kondomu", anapewa pakiti kadhaa, anaitwa anayefuata. Akisema anataka sindano au kijiti cha kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, anaelekezwa jengo la mama na mtoto, upande wa pili wa uwanja. Kule foleni ni mpya, siku ya vijiti huenda si leo, na maswali yanaanza upya mbele ya majirani wa mtaani kwake: una watoto wangapi, unatumia dawa gani nyingine? Wengi hapo wanajibu kuwa hawatumii dawa yoyote. Siwalaumu. Mtu aliyeficha hali yake kwa mama mkwe miaka yote hataitangaza kwenye benchi. Wengine hawavuki ule uwanja kabisa, wanarudi nyumbani na kondomu zao.

Kunyamaza huko kunaleta madhara, na hili naomba lisikike hadi Wizarani. Efavirenz, dawa ya VVU ambayo wengi wetu tuliitumia miaka mingi, huufanya mwili umalize haraka homoni ya kijiti. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2016 uliwafuatilia wanawake 20 wenye kijiti waliokuwa wakimeza efavirenz. 3 kati yao walipata mimba kabla ya wiki 48. Mama mmoja wa kundi letu alinijia akiwa ameshika mkono wake wa kushoto pale kijiti kilipo. Alikuwa anakigusa kwa kidole, anakisikia chini ya ngozi, na kipimo cha mimba kimeonyesha mistari miwili. Mumewe alidai amedanganya kuhusu kijiti. Hakudanganya. Aliyemwekea hakujua anameza efavirenz, na aliyempa efavirenz hakujua ana kijiti. Wote wawili wako eneo moja la hospitali, wanakunywa chai mgahawa mmoja.

Najua sasa wengi tumehamia mchanganyiko mpya wa dawa za VVU wenye dolutegravir, ambao hauna ugomvi na kijiti, sindano wala vidonge. Nashukuru kwa hilo. Lakini wapo waliobaki kwenye dawa za zamani, na wapo wanaotibiwa kifua kikuu kwa rifampicin, ambayo nayo hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kutumia sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya kizazi bila wasiwasi huo. Maneno hayo yanachukua dakika tano. Yanahitaji tu mtu mmoja mwenye faili zima mbele yake.

Kuna jambo jingine dogo kwa macho ya ofisini na kubwa kwa mfuko wa mama. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia sasa anapewa dawa za miezi 6 kwa mara moja. Ni hatua nzuri sana, imetuokolea nauli na siku za shamba. Lakini sindano ni ya kila miezi 3. Kwa hiyo yule yule tuliyemwambia asije mara kwa mara, tunamtaka aje katikati kwa ajili ya sindano, jengo jingine, siku nyingine. Akikosa nauli mwezi wa tatu, anapata mimba asiyoipanga mwezi wa tano. Ipo sindano ndogo ya chini ya ngozi ambayo mwanamke akifundishwa anajichoma mwenyewe nyumbani, na Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hiyo tangu 2019. Mpeni aondoke nayo ndani ya mfuko ule ule wa dawa zake.

Kuhusu kondomu, nisieleweke vibaya. Tunazihitaji, zinakinga na magonjwa mengine. Ila kondomu inatumika mwanaume akikubali, na kuna nyumba ambazo kukubali huko hakupo, hasa akishalewa. Kumwandikia mwanamke kondomu kama njia yake pekee ni kumkabidhi mtu mwingine uamuzi wa kizazi chake. Apewe kondomu, na apewe pia njia iliyo mikononi mwake.

Na waume waitwe. Si kwa kutishwa kwamba mama asiyekuja na mwenza hatahudumiwa haraka, maana hapo wajane na waliotelekezwa ndio wanaoumia, na nimewasikia wakiulizana ni nani wa kumkodi ajifanye mume. Waitwe kwa muda unaowafaa, jioni au Jumamosi, wakae na wake zao wapange pamoja. Mume wangu alikuja baada ya muuguzi mmoja kumpigia simu kwa adabu na kumwita kaka. Alitoka pale akijua kwamba mtu anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hakuna mahubiri yangu ya nyumbani yangefanya kazi hiyo.

Maana wapo pia wanaotaka kuzaa, Mheshimiwa, na hawa ndio wanaoumizwa kwa maneno. "Na hali yako hiyo bado unataka mtoto?" Nimeambiwa hivyo mimi, na aliyeniambia alivaa sare. Bila dawa, maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa na huduma inavyostahili yanashuka chini ya asilimia 5, na mama ambaye virusi vimefubaa tangu kabla ya kubeba mimba anashusha zaidi ya hapo. Kwa hiyo kinachomkinga mtoto ni maandalizi: kupima wingi wa virusi kwanza, kungoja vifubae, kuanza vidonge vya foliki asidi, ndipo kuacha njia ya kuzuia mimba. Mwanamke aliyesimangwa hawezi kuja kuomba maandalizi hayo. Atakuja tumbo likiwa limeshaonekana.

Namibia walifika mbali zaidi ya masimango. Wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi katika hospitali za umma bila ridhaa ya kweli, na Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha kuwa serikali ilikosea. Sisemi ndiyo hali ya hapa kwetu. Nasema yanaanzia kwenye fikra ile ile, kwamba mwanamke mwenye VVU ni wa kuamuliwa.

Sasa fedha, maana najua jibu la kwanza litakuwa hilo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Siku chache baadaye ilitoa ruhusa maalumu dawa za VVU ziendelee, lakini uzazi wa mpango ukatajwa waziwazi kuwa haumo. Baadaye tukasikia kuwa dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya dola milioni 9.7 vimekwama ghalani Ubelgiji vikisubiri kuteketezwa. Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango lilisema humo mlikuwa na sindano zaidi ya milioni 1 na vijiti 365,100 vilivyokusudiwa kuja Tanzania. Mtu wa mbali aliweza kuitenganisha dawa yangu ya VVU na kijiti changu kwa sababu hata sisi wenyewe tumevitenganisha, kwa bajeti, kwa jengo na kwa rejista. Kitanzi cha shaba kikiwekwa mara moja kinakaa miaka 10 au zaidi. Gharama hiyo nchi yetu inaimudu ikiamua.

Bajeti ya Wizara itakaposomwa Bungeni, naomba fungu la ununuzi wa njia za uzazi wa mpango litoke kwenye fedha zetu za ndani, litajwe kwa kiasi chake, na lifike Bohari ya Dawa lote. Kabla ya hapo, jambo lisilohitaji Bunge: waraka wa Wizara kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, kwamba kila CTC iwe na angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa kuweka na kutoa kijiti na kitanzi, apewe chumba chenye mlango unaofungwa, na njia hizo ziagizwe pamoja na dawa zetu. Na maneno ya "na hali yako hiyo" yatajwe ndani ya waraka huo kuwa ni kosa la kinidhamu.

Sisi waelimishaji rika tupo tayari kuanza nanyi Njombe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa watoto wawili, mwelimishaji rika,
Makambako, Njombe.