Afisa aliyetekwa hadaiwi siri za silaha

Mhariri,

Naandika kuhusu picha ya afisa mateka mliyoiweka ukurasa wa mbele, na hasa kuhusu makala iliyoambatana nayo. Mwandishi wenu alishangaa kwa nini mtu anayejua idadi ya mizinga, masafa ya makombora na namna kikosi chake kilivyofunzwa aachwe akae kimya huku vita vinaendelea. Akashauri abanwe mpaka aseme. Nimefundisha askari kwa miaka mingi, na moja ya masomo yangu lilikuwa hilo hilo: ukitekwa ufanye nini. Siwezi kunyamaza.

Nianze na sheria, maana hapo ndipo makala ilipoteleza. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 inamtaka mateka wa vita ataje mambo manne tu: majina yake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Wengi hudhani kwamba kumuuliza mengine ni marufuku. Si marufuku. Mhoji anaweza kuuliza habari za bunduki, za rada, za mafunzo, za chochote anachotaka. Asichoruhusiwa ni kulitoa jibu kwa nguvu. Ibara hiyo inakataza mateso ya mwili na ya akili, na inasema mateka aliyekataa kujibu asitishwe, asitukanwe, wala asitendewe vibaya kwa kukataa kwake. Nimeisoma mara nyingi na sijaona mahali palipoandikwa kwamba kanali ana ulinzi mdogo kwa sababu anajua mengi.

Najua sheria peke yake haimtulizi mzazi ambaye mwanawe yuko mstari wa mbele. Atauliza: huyu afisa akinyamaza, mwanangu akapigwa na mzinga ambao angeweza kuutaja, nitamlilia nani? Ni swali la haki kabisa, na huyo mzazi ndiye ninayetaka kumjibu.

Katika mazoezi yetu mimi nilikuwa nacheza mhoji. Usiku mmoja waliniletea luteni kijana aliyetoka kwenye matembezi marefu, macho mekundu, buti zimelowa. Mwenzangu alikuwa ameanza naye kwa makelele na kupiga meza, akapata namba ya jeshi. Akauliza tena, akapata namba. Mara kumi, namba ile ile, na kila mara kijana alizidi kukaza shingo. Nilipoingia mimi nilimpa chai, nikakaa, nikaanza kulalamikia buti nilizovaa kwamba soli zinabanduka. Sikuuliza kitu. Akatazama buti zake, akasema, "Hata hizi zetu, afande, tangu tuanze kuvuka mto kila siku zimeoza." Hapo alikuwa ameshanieleza kikosi chake kinajiandaa kwa shambulio la kuvuka mto. Alipotambua alichokisema alifunika uso kwa mikono miwili. Sijamsahau mpaka leo.

Wanaoijua kazi hii walilijua jambo hilo zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, Mjerumani Hanns Scharff alihoji marubani wa Marekani kwenye kituo cha Oberursel. Alitumikia utawala katili kuliko tawala nyingi zilizowahi kuwapo, lakini yeye hakuwapiga mateka wake. Alitembea nao msituni, akapiga nao soga, akajifanya anajua kila kitu tayari. Siku moja alimwambia rubani kwamba risasi za Wamarekani sasa zinaacha moshi mweupe badala ya mwekundu, bila shaka viwanda vyao vimeishiwa kemikali. Rubani akamsahihisha: hapana, weupe ule ni ishara kwa rubani kwamba risasi zake zinakaribia kwisha. Siri ya silaha imetoka, na aliyeitoa alidhani anatetea heshima ya jeshi lake. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Waingereza wao waliwaweka majenerali wa Kijerumani katika jumba la Trent Park, karibu na London, lenye bustani nzuri na vinasa sauti vilivyofichwa ndani. Machi 1943 Jenerali von Thoma, aliyetekwa El Alamein Novemba 1942, alikuwa akizungumza na Jenerali Crüwell. Akamsimulia kuhusu roketi kubwa alizoziona zikitengenezwa, na akashangaa kwamba tangu waje karibu na London hawajasikia mlipuko hata mmoja. Wasikilizaji, wengi wao wakimbizi wa Kiyahudi waliotoroka Ujerumani, waliyaandika maneno hayo. Yakaungana na taarifa nyingine zilizokuwa zinaingia, na usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943 ndege za Uingereza zikakishambulia kituo cha roketi cha Peenemünde. Hakuna aliyemgusa von Thoma hata kwa kidole.

Sasa tutazame upande wa kubana. Kanali Frank Schwable, rubani wa kikosi cha wanamaji wa Marekani, alitekwa Korea Julai 1952. Baada ya miezi ya kufungiwa peke yake na kuhojiwa mfululizo, alitia saini maelezo marefu kwamba jeshi lake linadondosha silaha za vijidudu. Aliporudi kwao 1953 aliyakana yote, na bado alifikishwa mbele ya baraza la uchunguzi kujieleza kwa alichokisaini. Mhoji aliyetaka kwa dhati kujua ndege zile zimebeba nini alifaidika nini na karatasi ile? John McCain, rubani wa Marekani aliyetunguliwa Hanoi, Vietnam, Oktoba 1967, alipobanwa ataje majina ya wenzake wa kikosi aliwatajia wachezaji wa timu ya futiboli ya Marekani, Green Bay Packers. Wakaandika.

Huyo ndiye mtu mwandishi wenu anayetaka aletwe mbele ya kamanda: mtu mwenye maumivu, atakayesema lolote litakaloyakomesha. Kamanda akiliamini, atapeleka vijana mahali pasipo na mzinga na kuwaacha wazi mahali ulipo. Mzazi niliyemtaja, mwanawe atakuwa miongoni mwao. Tena jeshi lolote makini, afisa wake asiporudi, hubadilisha alama za siri na kuhamisha silaha mapema iwezekanavyo. Anachokijua kinachakaa kila saa inayopita.

Kuhusu picha yenyewe, na ile video mliyoitoa nayo. Niliitazama mara tatu. Kila anapoulizwa swali kuhusu mafunzo ya kikosi chake, afisa yule hatazami kamera. Anageuza macho pembeni, kwa mtu asiyeonekana, anasubiri, ndipo anajibu. Mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kilicholowa damu, na mkono wa kulia unaushikilia usitetemeke. Ibara ya 13 ya mkataba huo huo inamlinda mateka dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa kioja mbele ya umma. Waliomrekodi ndio waliovunja sheria kwanza. Ninyi mliipeleka kazi yao kwa watu ambao wasingeiona, mkaandika majibu yake kama habari iliyothibitishwa, ilhali yametoka kinywani mwa mtu asiye na uhuru wa kukataa kujibu.

Ninachoomba kinawezekana leo. Iondoeni video. Picha mkiibakiza, ufuteni uso na jina lake. Aliyoyasema kuhusu silaha yaondoeni pia, kwa sababu hamna njia ya kuyapima, na siku akibadilishwa na mateka wengine akarudi kwao, ndiyo atakayosomewa.

Ibara ya 70 inampa mateka haki ya kuandikia jamaa zake kadi, si zaidi ya wiki moja baada ya kufika kambini, kuwaarifu kwamba ametekwa, anwani yake ni ipi na afya yake ikoje. Mama yake alistahili kuipokea kadi hiyo ikiwa na mwandiko wa mwanawe, kabla ya kumwona kwenye ukurasa wenu wa mbele.

Mkufunzi wa jeshi mstaafu