Shemeji anasema mimi ndiye niliyemchelewesha

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia alfajiri, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya kukohoa usiku kucha, na maneno ya shemeji yangu hayajaniacha tangu kikao cha Jumapili, aliposema mbele ya wakwe zangu kwamba nilikaa mwaka mzima nikimnywesha mume dawa za kichocho huku saratani ikimla figo.

Shangazi, sisi tumezaliwa kandokando ya ziwa. Mtu wa huku akikojoa damu bila maumivu, nani hufikiria kitu kingine kabla ya kichocho? Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekitaja kwanza, na zahanati walimpa dawa mara mbili; damu ikakata, ikarudi, ikakata tena. Damu ikikata, mimi ningejuaje?

Sasa ugonjwa umefika mapafuni. Daktari alinieleza kwamba dripu za kemo hazifui dafu kwa saratani ya figo, akamwanzishia vidonge vya sunitinibu, ambavyo humeza wiki nne na kupumzika wiki mbili, si kwa kumponya bali kwa kuzuia uvimbe usikue. Vimemchubua viganja hata kushika kikombe cha uji ni taabu, na ndevu zimekuwa nyeupe. Shemeji anataka tuuze kiwanja akatolewe figo India. Daktari anasema kwa hali yake upasuaji unaweza kumdhoofisha bila kumwongezea siku. Nilipoyarudia hayo kikaoni niliambiwa ninakipenda kiwanja kuliko mume. Kiwanja hicho nilikinunua kwa fedha za dagaa wangu, jambo ambalo sikulisema, ingawa lilinifika mdomoni.

Mume wangu naye anaitaka safari hiyo, maana hajui habari ya mapafu. Nilimwomba daktari aniachie nimwambie mwenyewe, na huu ni mwezi wa tatu. Anadhani kikohozi ni vumbi, na juzi alisema viganja vikipona atapaka chokaa chumba cha watoto. Nikimwambia, nitamvunja moyo. Nisipomwambia, shemeji atamwambia kwa namna yake, kisha atasema nilificha na hili. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

Simtaki shemeji aniombe radhi. Ninachotaka ni akae tena pale pale, mbele ya watu wale wale, aseme kwamba damu ilikuwa ikikata.

Mke wa mgonjwa,
Mwanza